Ufuo Uliotukataa

Jumatatu, 11 Machi 1996
Tumetoka kisiwani Mfangano baada ya swala ya alfajiri. Sabuni imeuzika, leso kidogo, sukari karibu yote ingali chomboni. Magoti yanauma. Kila safari nasema ndiyo ya mwisho, halafu nakaa dukani Homa Bay kutwa nzima bila mteja, narudi majini. Tangu mume wangu atangulie mbele ya haki, hivi ndivyo watoto wanavyosoma.

Omolo yuko kwenye usukani, kimya kama kawaida yake. Mdogo wake Ouma anaimba nyimbo za kanisani kwao, anakosea maneno, anaendelea. Sisi watatu tu. Wao watoto wa ziwa hili, mimi mtu wa Mumias niliyeletwa huku na ndoa. Tumesafiri pamoja mpaka hatuna jipya la kuambiana. Visiwa viwili vimebaki, kisha mji wa Sori, kisha nyumbani. Nimechoka kabla ya kufika.

Jumanne, 12 Machi
Ouma haimbi. Anaharisha tangu jana jioni. Maji matupu, kama yale ya kuoshea mchele. Anatapika pia. Omolo anasema ni omena wabaya aliowala, wale dagaa wa ziwani. Mfangano watu walikuwa wakizungumzia kipindupindu. Najua Omolo anakumbuka. Hakuna anayelitaja neno hilo.

Upepo hafifu. Tanga limelegea kama nguo ya mgonjwa.

Jumatano, 13 Machi
Asubuhi kisiwa kimeonekana. Omolo akamfunika mdogo wake kwa tanga kuukuu.

"Mama Rukia, wakiuliza, wewe sema amelala. Tukishashuka hawatatufukuza."

Nilinyamaza. Akadhani nimekubali. Labda nilikuwa nimekubali.

Wanaume walikuwa wametangulia ufuoni. Mkubwa wao akauliza aliye chini ya tanga ana nini. Omolo akanitazama. Nyuma ya wale wanaume, akina mama walikuwa wakichota maji, palepale ambapo tungemwosha Ouma. Nikasema, "Anaharisha na kutapika. Nafikiri ni kipindupindu."

Hawakupiga kelele. Waliingia majini hadi magotini, wakaisukuma mashua kwa pondo. "Pole, mama. Hapa hamshuki."

Jina la kisiwa sitaliandika. Wana watoto wao.

Tulikuwa bado tunahangaika na makasia pale karibu, mwanamke mmoja akaja peke yake, akaweka sufuria ya uji na mfuko wa makaa juu ya jiwe lililo majini. Akatuonyesha kwa kidole. Akarudi nchi kavu bila kugeuka. Tulisubiri afike ndipo tukachukua.

Omolo hajaniangalia tangu wakati ule.

Alhamisi, 14 Machi
Kisiwa cha pili habari zilikuwa zimetangulia. Mtumbwi fulani ulitupita. Safari hii walirusha mawe. Hayakutufikia. Nadhani hawakutaka yatufikie.

Nimefungua gunia la sukari. Na chumvi. Nachemsha maji kwenye jiko letu, lile tunaloliweka ndani ya karai la mchanga, nachanganya kama wanavyofundisha kwenye redio. Namnywesha Ouma kijiko kwa kijiko. Anatapika. Nangoja. Namnywesha tena. Macho yameingia ndani. Nikimfinya ngozi ya mkono inabaki imesimama.

Omolo amesema neno moja tu leo. "Akifa, wewe ndiye utakayemwambia mama yetu."

Naogopa. Nguo zangu zimechafuka zote, siwezi kuswali nazo, namwomba Mungu kwa moyo tu. Wakati mwingine namchukia Omolo. Wakati mwingine namchukia Ouma kwa kuugua kwenye safari yangu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 15 Machi
Sori tuliiona mapema, mabati yake yakimetameta. Upepo ukafa. Halafu magugu maji, yametanda ghubani kama shamba. Kasia linaingia, halitoki.

Omolo akaruka majini, akavuta mashua kwa kamba begani, magugu yamemfika kifuani. Nikashika kasia. Sijawahi kupiga kasia maishani. Viganja vimechubuka, siwezi hata kufunga leso vizuri. Ouma nilimwita jina, hakuitika. Nikamwita tena. Nikaacha kumwita, nikapiga kasia.

Watu wakaanza kukusanyika ufuoni. Nilikuwa nawaza nitasema nini. Omolo akanitangulia. Alipaza sauti kwa Kijaluo, akiwa bado majini: nina ndugu yangu, ana kipindupindu, ondoeni watoto kwenye maji, tafuteni kitanda.

Watoto wakaondolewa. Kitanda cha kamba kikaletwa. Wakambeba hadi zahanati, mbio.

Jumapili, 17 Machi
Wamemtundikia maji, chupa baada ya chupa. Jana hakujua alipo. Leo amefungua macho, akauliza ni nani aliyekuwa akimtilia chumvi kwenye chai. Omolo akacheka. Kisha akatoka nje, akakaa muda mrefu nyuma ya choo.

Mimi nalala kwenye veranda juu ya magunia yangu. Muuguzi anataka tungoje kwanza, aone kama na sisi hatutaugua. Kuna mama jirani ananiletea chakula, haulizi kitu.

Jioni Omolo alikuja akakaa kando yangu.

"Nina hasira na wewe, mama."

"Najua."

"Sijui itaisha lini."

Nikamwambia sijui kama nilifanya sawa. Ni kweli, sijui. Nikimwona Ouma akinywa uji, nasema nilifanya sawa. Angekufa, ningesema nini? Maneno ni yale yale niliyoyatamka pale ufuoni.

Lakini hakuondoka. Tulikaa hivyo mpaka muuguzi akamwita.

Jumatano, 20 Machi
Homa Bay. Nilirudi kwa barabara, kupitia Migori. Sikutaka kuona maji. Omolo alibaki Sori kumngoja mdogo wake. Binti yangu Rukia aliniuliza safari ilikuwaje, nikamwambia ndefu. Nikafua. Nikaswali, nikalala mchana kutwa, na kitanda bado kinayumba.

Ijumaa, 29 Machi
Omolo amepita dukani asubuhi. Amemrudisha Ouma nyumbani kwa mama yao, amekonda lakini anatembea. Hakuingia. Alisimama mlangoni akitazama nje, kofia mkononi. Akasema Jumatatu upepo utakuwa mzuri.

Nikamwambia nitakuwa tayari.