Sinema ya Mtalaka Wangu

Shoga, uko wapi? Nimetoka ukumbini sasa hivi, nina hasira hizo!

Gazeti limenituma nikahakiki sinema ya kutisha. Kumbe aliyeitengeneza ni mtalaka wangu!

Inahusu mke anayeshuku mumewe amebadilishwa na kiumbe wa sayari nyingine. Anapekua simu, ananusa mashati. Halafu anapiga kelele, "Wewe siye mume aliyenioa!"

Maneno yangu, shoga! Yale niliyomwambia jikoni, wewe ukiwepo! Na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kicheko! Wakati unajua vizuri nilichokikuta kwenye ile simu.

Na umaskini wa sinema yenyewe! Kiumbe kavaa karatasi ya foili ya jikoni na miwani ya kuogelea. Chombo cha angani ni sufuria yangu, ile aliyoapa kwamba imepotea.

Taa zilipowaka akanijia, meno yote nje. "Tafadhali usiwaharibie watu mwisho. Sinema nzima inategemea huo mwisho."

Mwisho wenyewe? Mume kweli ni kiumbe.

Nikamwambia, "Wala usiwe na wasiwasi."

Uhakiki nimeshautuma kwa simu, hapa hapa mlangoni. Kichwa chake, kwa herufi kubwa: MKE ALIKUWA SAHIHI TANGU MWANZO.