Fimbo Tatu Nilizomnyima Mzee Nassoro

Jumatano. Joto la kaskazi, lile ambalo mtu huketi tu na jasho likamtiririka, na feni ya chumba changu hapa kambini imekufa tangu wiki jana. Nimeoga mara mbili. Sina hamu ya kula wala ya kuzungumza na mtu. Nina ubaya wangu wa kuusema, basi nausema hapa.

Leo nimemwacha mtu apoteze jina lake, nami nilikuwa na uwezo wa kulizuia hilo kwa neno moja.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni askari wa wanyamapori, mzaliwa wa Jego, na kambi yetu iko ukingoni mwa msitu huku Kwale. Uwindaji umekatazwa nchini, hilo mwalijua. Lakini mnyama akiumia jeraha lisilopona, sisi ndio tunaotumwa kummaliza. Na majani ya huku yanafika kifuani. Ukilala chini huoni kitu, ukiketi huoni kitu. Lazima upige umesimama, na mtu aliyesimama hutikisika, awe nani. Ndiyo maana kuna fimbo za kuegemezea bunduki.

Zangu nilizitafuta karibu mwaka mzima. Nilianza na mianzi. Miepesi, raha kubeba, lakini ikigongana husikika ng'ambo ya bonde, na mwezi wa pili mmoja ukapasuka. Kisha nikapata miguu ya kamera iliyotupwa na mpiga picha mmoja wa hoteli za Diani. Ile ilimetameta juani kama sufuria mpya, wanyama wakituona kabla hatujawaona. Mwishowe nikarudi kwetu. Mjomba wangu huvua kwa uzio, naye alikuwa na fito tatu za mkandaa, mti wa mikokoni, zilizobaki. Akazianika kivulini, chini ya paa la makuti, miezi mitatu, zisije zikapinda. Nikazifunga pamoja kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, shibiri moja kutoka juu, na miguuni nikazivisha vipande vya malapa makuukuu ili zisitoe sauti. Ukizifungua, miguu miwili mbele, mmoja nyuma, bunduki inatulia kama mtoto aliyeshiba mgongoni mwa mamake.

Siku nilipozifungua mara ya kwanza mbele ya kikosi, Mzee Nassoro alizitazama akasema, "Bunduki ya binti huyu ina mikongojo."

Mzee Nassoro ni mtu wa Msambweni, na ndiye aliyenifundisha kazi hii. Ijumaa anastaafu. Tangu nimjue hajapata kumpiga mnyama mmoja risasi mbili, na vijiji vyote vya huku humwita Moja Tu. Hata watoto wa shule wakimkuta njiani husema, "Shikamoo, Moja Tu," naye huitikia marahaba bila kucheka, maana jina lake analipenda. Kwake yeye bunduki ni mkono na pumzi. Fimbo ni za wasiojua.

Basi mwaka mzima nikaitwa Mikongojo. Nikichelewa chai, Mikongojo. Nikitoka kuoga, Mikongojo. Nilicheka pamoja nao, maana mtu mzima haonyeshi. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi nilikuwa sijapoa hata kidogo.

Tangu Ramadhani iliyopita mikono ya Mzee inatetemeka. Anaificha. Kikombe hukishika kwa mikono miwili, na bunduki huisafisha peke yake nyuma ya bohari. Sote tunajua na hakuna aliyewahi kusema.

Juzi palahala dume alitokea kwenye mashamba akiwa na tanzi la waya mguuni. Palahala ni jamii ya swala, mkubwa, mweusi, pembe zimepinda nyuma, na hapa nchini wamebaki wachache, tena huku kwetu tu. Waya ulikuwa umefika mfupani. Daktari wa wanyama akamtazama kwa darubini, akasema mguu umeshaoza mpaka kwenye kiungo, apumzishwe. Afande wetu, ambaye ni mtu wa bara, akaona risasi hiyo apewe Mzee Nassoro iwe ya kumuagia kazi. Akawaambia watu wa kijiji waje washuhudie. Nia yake ilikuwa nzuri.

Asubuhi kabla hatujapanda gari, Mzee alinijia. Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, naomba uniazime zile fimbo zako. Leo tu."

Miaka sita tumefanya kazi pamoja, hakuwahi kuniomba hata maji.

Nami nikapaza sauti wasikie wote. "Mikongojo, Mzee? Moja Tu ana haja gani na mikongojo?"

Kikosi kizima kilicheka. Yeye naye alicheka kidogo, akasema, "Kweli, mwanangu," akaenda kupanda gari.

Ilikuwa tamu. Nikiliruka hilo, yote ninayoandika hapa ni unafiki. Njia nzima nilikuwa nikiionja.

Tulipofika alikata tawi bichi la mkorosho lenye panda, kwa sababu mkorosho ndio uliokuwa karibu na Afande alikuwa akitazama saa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba tawi la mkorosho huonekana nene na ndani halina nguvu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba fimbo moja huzuia bunduki isishuke, lakini haiizuii kwenda upande. Na mikono yake hutetemeka kwa upande. Alilijua hilo, nami nililijua. Nilisimama hatua kumi nyuma yake, fimbo zangu tatu begani, zimefungwa.

Palahala alikuwa amesimama kando ya ua wa shamba, mguu mmoja juu, anatutazama. Hakuwa na nguvu ya kukimbia.

Risasi ya kwanza ilimwingia tumboni. Alilia, na sikujua kwamba wanaweza kulia vile. Risasi ya pili, panda ya tawi ilipasuka, mtutu ukaruka, ikamvunja taya. Hakuanguka. Akainama kwenye majani akajaribu kula, nafikiri kwa mazoea tu, na majani yakawa yanamdondoka pamoja na damu.

Miongoni mwa watu mmoja alisema, "Mbili." Wengine wakacheka. Simu zilikuwa juu.

Mzee aligeuka akanitazama. Si mimi, alizitazama fimbo. Niseme kweli: palahala nilimhurumia, lakini bado niliitaka tatu. Nilitaka kulisikia neno "Tatu" likisemwa na watu. Sikusogea.

Afande uvumilivu ukamwisha. "Mzee, wacha tu. Wewe Mikongojo, kuja umalize hiyo kitu."

Nilizifungua kwa mkupuo mmoja, nikaweka bunduki, nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa na Mzee huyo huyo, nikapiga. Palahala alipiga magoti, kisha akalala ubavu. Watu walipiga makofi. Mama mmoja mwenye beseni kichwani akasema, "Moja Tu ni huyu sasa."

Nilitabasamu.

Nimeiona picha yangu nikitabasamu kwenye makundi matatu ya WhatsApp. Nyuma yangu yupo Mzee Nassoro, ameshika vipande viwili vya tawi na hajui aviweke wapi.

Alasiri nilikuwa nasafisha bunduki akaja. Nilikuwa nimeshaandaa jibu, kali, la kumkumbusha mwaka mzima wa mikongojo. Hakunipa nafasi. Alichuchumaa, akazifungua fimbo zangu, akapima kwa vidole vyake vinavyotetemeka. "Fundo umelifunga juu mno. Bunduki inapanda begani, ndiyo maana risasi yako imekwenda juu ya pale ulipolenga. Lishushe vidole viwili."

Kweli ilikuwa imekwenda juu. Hakuna mwingine aliyeona.

Kisha akazikunja vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili. "Ni fimbo nzuri hizi. Nilikosea kuzicheka." Akaenda kutawadha.

Angenizaba kofi kwa yale ya asubuhi, ningelala leo.

Nilidhani yameishia hapo. Kabla ya magharibi Afande akaniita ofisini. Kambi inataka kumpa Mzee zawadi Ijumaa, na huku kwetu mtu mzima akistaafu hupewa bakora ya kutembelea mbele za watu, iwe heshima yake. Fundi wa Ukunda ameleta tatu, ichaguliwe moja. "Wewe ndio unajua mambo ya fimbo," akasema. "Chagua, halafu siku hiyo utampea wewe. Si ni mwalimu wako?" Kijiji chote kimealikwa. Wale wale.

Bakora zote tatu ziko kitandani pangu. Nimezijaribu kama nilivyozijaribu fito za mjomba. Nimezikandamiza sakafuni kuona ipi inapinda, nimetazama ipi inateleza na ipi inatoa sauti. Kazi hii naijua. Niliijua hata asubuhi ya leo.

Nimejaribu pia kuandika maneno ya kusema Ijumaa. Niliandika "nilimnyima" nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Nikisema mbele za watu, je, jina lake litarudi, au watu wataona tu kwamba hata fimbo alikuwa anaombaomba? Sijui. Ninachojua ni kwamba kunyamaza kunanifaa mimi, na kwa hiyo nakushuku kunyamaza huko.

Nimechagua ya mpingo. Ni nzito, haipindi, na kichwa chake kinaenea kiganja cha mtu anayetetemeka. Ijumaa baada ya sala nitasimama mbele ya watu wote wale nimkabidhi Mzee Nassoro mkongojo, na yeye, ninavyomjua, ataupokea kwa mikono miwili na kunishukuru.