Dawa Nyeusi ya Mama

Kijiji cha Ujamaa Kwaluguru,
Handeni.
14 Agosti 1975

Mpendwa dada Mwanaidi,

Shikamoo. Kwanza ujue kwamba Handeni nzima haijapata kuzaa tabibu kama mimi mdogo wako. Shule niliiacha darasa la tano, nayo mpaka leo inanililia. Hujambo lakini? Shemeji Mbaruku hajambo? Baridi ya Mbeya haijawagandisha? Sisi tupo, tumechoka tu.

Ngozi ya mama ni ileile. Magamba ya viwiko yakipungua, ya miguu yanachachamaa. Daktari wa Korogwe alisema ni soriasisi, si ukoma, haiambukizi, wala haiponi moja kwa moja, hutulizwa. Aote jua kidogo asubuhi, ajipake mafuta akishaoga, na akienda kulala apakwe ile dawa nyeusi inayonuka lami. Ilimtuliza kweli, akarudi hadi shamba la kijiji. Mpakaji ni mimi, usicheke. Hata shuka langu linanuka barabara.

Mganga wa Kwedizinga naye alitupa magome ya kuchemsha. Yalimwasha, tukayamwaga.

Kazi ni watu. Kule shambani jirani yetu Mama Zamda alimtengea mama kata yake peke yake ya kunywea maji. Nikamwambia, "Mama Zamda, kama unaogopa magamba, samaki unakulaje?" Watu walicheka. Mama hakucheka, na tangu siku ile shambani haendi. Anachotaka ni kunywa na wenzake tu, basi.

Nisalimie shemeji na wifi yako Tatu. Mwenyezi Mungu awape afya, na sisi atupunguzie.

Sasa lile ninalolizungukazunguka. Dawa ilipokwisha mama alinituma Korogwe. Nilishinda Kabuku nangoja basi, kila linalopita limejaa. Mafundi wa barabara walikuwa wanachemsha lami, na harufu ndiyo ileile ya kopo letu. Nikaomba kidogo, nikaichanganya na mafuta ya nazi, nikarudi nyumbani kifua mbele. Dada, imembabua miguu yote miwili, hakanyagi chini. Nami nilimwambia nimepewa hospitali. Sasa ameapa Korogwe haendi tena, eti dawa yao ndiyo iliyomuunguza. Ananishika mkono ananiambia bora mimi kuliko madaktari wao. Sijamwambia.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Muhidini