Zege la Ukuta wa Kati

Nyumbani kwa Baba,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu wewe na wifi, na natumaini mgongo wako umepoa. Sisi hatujambo. Kikohozi cha Mama kimepungua. Mimi nimechoka tu, uchovu ule ambao hata ukilala hauishi.

Msingi wa nyumba ulimwagwa Ijumaa. Ningetamani kuishia hapo, lakini kuna jambo.

Hesabu ya zege alipiga Baba mwenyewe. Nani angemnyang'anya kazi aliyoifanya miaka arobaini? Alikaa na ramani, akaandika mita za ujazo sita na nusu. Jumatano nilipotoka kazini nilipita kiwanjani, nikapima mitaro kwa tepu, urefu mara upana mara kina. Nikapata saba na ushei, na hapo sijahesabu la kumwagika ovyo. Nikarudia mara tatu. Ukuta wa kati, utakaotenga chumba cha Baba na Mama na sebule, haukuwamo kwenye karatasi yake.

Zege likipungua katikati ya kazi unajua yanayofuata: la leo na la kesho halishikani, nyumba ije ipasuke hapo hapo. Ila kumwambia Baba mbele ya fundi na vibarua, ulimi ulikuwa mzito. Nikawapigia simu wauzaji wa zege bila yeye kujua, nikasema walete nane.

Gari lilipofika, dereva akatoa karatasi. "Mzee, nane hizi. Weka sahihi."

"Mimi niliagiza sita na nusu," Baba akasema. "Nani kabadilisha?"

"Mimi, Baba."

Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alichukua tepu, akashuka mtaroni peke yake, gari linanguruma, dereva anatazama saa. Akapima upande hadi upande. Alipofika mtaro wa ukuta wa kati akaupima mara mbili.

"Huu niliusahau," akasema taratibu. Kisha akamgeukia fundi: "Mwageni."

Zege lilitosha, likabaki toroli mbili tu. Tukasakafia mbele ya choo.

Jioni Baba alinifuata jikoni, akauliza kama nimeona makosa mengine. Nikamweleza: dawa ile ile kainunua mara mbili wiki moja, na mimi kaniita kwa jina la shangazi. Akaitikia kwa kichwa.

"Usinizunguke tena," akasema. "Ukiona, niambie. Hata mbele ya watu."

Kesho nampeleka kwa daktari. Amekubali bila ubishi, na hilo ndilo linalonitisha, maana Baba unamjua.

Kaka, pesa za matofali usitume kwanza. Zifanye nauli, uje ukae naye angali anakujua vizuri. Mimi peke yangu nimeelemewa.

Nibusie binti zako wawili. Mama na shangazi wanakusalimu sana. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba