Jokofu la Kufunguka Kiganja

Shoga, uko macho? Achana na salamu. Shemeji yako leo kanimaliza.

Unalijua lile gari-nyumba lake. Kafunga humo jokofu letu la jikoni, ili dawa ya mama mkwe ikae baridi njia nzima hadi tumfikishe kwa dada yake. Bila baridi mama hasafiri.

Wiki nzima anatoboa, anakaza bolti, anaunganisha betri. Leo akaweka dawa ndani ya jokofu, akalisukuma mahali pake, akalikaza likang'ang'ania sakafu kama kupe. Likanguruma, akamwita mama aje aone.

Mama kavuta mlango. Ko! Umegonga kabati la sinki.

Shoga, umefunguka upana wa kiganja. KIGANJA!

Bwana mkubwa alipima jokofu mlango ukiwa umefungwa! Alipima kimo, upana, hata vimiguu vyake. Kuufungua mlango hakukumjia kichwani.

Nikamwambia, "Baba, hilo si jokofu, ni sanduku la posta." Hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya gari, spana mapajani, kachoka mpaka masikio. "Mama, nisamehe. Safari haipo tena."

Mama akalisogelea jokofu. Alikunja mkono wa gauni, akaupenyeza ule mkono wake uliokondeshwa na ugonjwa. Ukaingia mpaka kwapani, ukatoka na kichupa cha dawa.

"Safari ipo, mwanangu. Na maziwa yangu nikiyaweka humo, hakuna mnene atakayeyagusa."

Shemeji yako kacheka huku anafuta macho. Mimi huyo, naenda kufungasha nguo.