Ndoo Mbili za Mwisho

Shoga yangu, mimi muuguzi mzima leo nimegeuzwa bomba!

Wakubwa wamekuja kujadili mageuzi ya hospitali, na wodi ya wazazi haina maji wiki ya tatu hii. Matroni akanificha nyuma ya ukuta na ndoo zetu mbili za mwisho, nimimine maji kwenye bomba kwa nyuma, yaonekane yanatoka.

Mheshimiwa, mkubwa wao, akafungua bomba akanawa. Akanawa tena! Namsikia, “Si haya maji? Tatizo ni uvivu wa wauguzi.”

UVIVU! Na mimi mgongo unakatika!

Matroni naye, “Kweli kabisa, mheshimiwa.” Kweli kabisa! Ptuu!

Walipoondoka, mama aliyejifungua asubuhi akaniomba maji ya kumsafisha mtoto. Nikamwambia hayajatoka.

Akaniangalia. “Mbona nimeyasikia, dada?”