Mpwa wa Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe! Mchana kaja mtu wa manispaa, kofia imemfika kwenye nyusi, anapita nyumba hadi nyumba kusaka vyumba vya kupangisha visivyosajiliwa. Na changu cha nyuma — kilichojengwa bila kibali, kwenye kiwanja ambacho marehemu baba alikufa hajakipatia hati — mlango wazi, redio inapiga kelele, na mpangaji wangu, Fundi Friji, kakaa kizingitini anafungua mota. Bwana Kofia akauliza: huyu nani, mpangaji? Mdomo ukanitangulia. Aa, huyu mtoto wa marehemu kaka! Amekuja kukaa na bibi yake.

Fundi kaniangalia, kaiangalia kofia. "Shikamoo, mzee." Kijana mwelewa. Jirani alikuwa ukutani anasikiliza, kama kawaida yake, akaitikia kwa kichwa eti ndiyo. Bwana Kofia akaandika, akaenda zake.

Kaka hakuacha mtoto. Hata mchumba hakuwa naye. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi ameniita shangazi getini, mbele za watu. Nikamwambia yule mtu keshaondoka, acha mchezo. Akasema tuzoee, maana atarudi. Ana hoja. Halafu akaongeza — mtoto wa nyumbani atalalaje kando ya ndoo? Bati lavuja. Kesho napandisha mtu juu. Kwa gharama yangu!

Jumatano, 12 Machi

Mafriji! Matatu uani, moja mlangoni mwa jiko, limeng'olewa mlango, limeachama tu. Nikamwambia tulikubaliana chumba, si uwanja. Akauliza, kwa adabu kabisa: mkataba unasemaje? Mkataba upi? Nani anaandikiana mkataba wa chumba ambacho serikalini hakipo? Nimerudi ndani kufua. Nimeyafua hata mapazia safi.

Jumamosi, 15 Machi

Kodi sijaiona. Nikaenda kubisha hodi. Namkuta anakula — kwenye sahani yetu! Mama ndiye aliyempelekea. Kodi je? Akacheka: "Shangazi, umeona wapi mjukuu anamlipa bibi yake kodi?" Jirani akadakia upande wa pili wa ukuta: kwa kweli itakuwa aibu, mtoto wa marehemu! Huyu jirani hana kazi kwake?

Nimshtaki wapi sasa? Mahakamani watataka hati. Manispaa watataka kibali. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia uani kwangu, kwenye friji bovu.

Alhamisi, 20 Machi

Mama amempa shati la kaka. Lile la mistari lililokuwa sandukuni. Linamkaa sawasawa. Sikula leo.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemkabili mama. Mama, unajua vizuri kaka hakuacha mtoto. Akaendelea kuchambua maharage. "Nitaachaje kujua? Si nilimzaa mimi?" Basi huyu wa nini? Akasema mimi ndiye niliyemtangaza, yeye kapokea tu. Kisha akasema tangu tuzike, humu ndani hakuna anayemtajia mwanawe — tunapita mbali kama panateleza. Huyu anauliza kila jioni. Alicheka vipi? Alikuwa mbishi? Aliogopa nini?

Nilikuja na maneno gunia zima. Nikamsaidia kuchambua maharage. Kaka aliogopa kuku, nimekumbuka. Mtu mzima, anamkimbia kuku! Nilicheka peke yangu nikitoka nje, nikajigonga goti kwenye friji, hasira zikarudi zote.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika jikoni, mlango nimeufunga. Bwana Kofia karudi — na wapimaji, na kamba, na kopo la rangi nyekundu. Habari njema, anasema! Mtaa wote unapimwa, kila nyumba inapata hati yake. Siku aliyoisubiri baba mpaka akafa! Machozi yakanilenga. Halafu akaeleza: kwa kuwa mwenye nyumba ni marehemu, hati itabeba majina ya warithi wote, na jirani atashuhudia. Bibi, wewe dada, na yule mtoto wa marehemu kaka yako — yupo?

Yupo! Katoka chumbani na shati la mistari, limenyooshwa kwa pasi. Jirani naye anaapa kwamba anamfahamu tangu yuko mdogo. Mdogo! Fundi kahamia hapa majuzi tu, na kitanda alikibeba kwa mkokoteni.

Nikisema ni mpangaji, chumba kinabomolewa na mimi ni mwongo mbele ya mtaa mzima. Nikisema ni wetu, nyumba ya baba naigawa kwa mikono yangu kwa fundi wa mafriji. Nikamtazama mama, aseme yeye. Mama akasema: "Mjukuu wangu, msogezee mgeni kiti." Akasogeza. Bwana Kofia akanigeukia — dada, wewe ndiye ulinieleza mwanzo, nithibitishie tu tuendelee. Nikasema ngojeni nilete chai.

Chai imechemka, imemwagika, nimeongeza maji, imechemka tena. Huko nje wananong'ona. Kamba ya wapimaji imepita dirishani, imevutwa mpaka ukuta wa chumba cha nyuma.

Mlango unagongwa. Taratibu, kwa adabu zake zile zile.

"Shangazi. Wananiuliza jina kamili la baba yangu."

Nimeongeza maji mengine kwenye chai.

"Nimemuuliza bibi. Kasema jibu unalo wewe."